Pete ya Ndoa na Mkono Unaoivaa

Pete ya ndoa isiyo ya kawaida ni ile inayoachana na duara la dhahabu tupu, au dhahabu yenye almasi, ambalo wengi hulitarajia altareni. Inaweza kuwa ya fedha, ya chuma, ya titani, ya silikoni, au ya dhahabu ileile lakini yenye kito kisichozoeleka na umbo lisilozoeleka. Makala haya yanaeleza namna pete ya aina hiyo inavyochaguliwa, na mfano wake ni ndoa moja iliyofungwa Arusha: ya mwandishi mwenyewe, wakati huo mwalimu wa ufundi wa mitambo, na mkewe, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Katika ndoa hiyo kazi za mikono miwili ziliamua mengi kuliko ladha ya macho, na hapo ndipo penye faida kwa wengine wanaojiandaa.

Kabla ya kuingia dukani ni vizuri kujua nini kinadaiwa na nini hakidaiwi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, mfungishaji mwenye mamlaka na mashahidi wasiopungua wawili. Pete haimo. Kanisa Katoliki lina baraka ya pete ndani ya ibada ya ndoa, lakini halikuagiza ziwe za madini gani. Waadventista Wasabato wengi wa Afrika Mashariki hufunga ndoa bila pete yoyote. Katika Uislamu lililo wajibu ni mahari, pete ni hiari, na mwanamume anayetaka kuivaa huvaa ya fedha kwa kuwa dhahabu imekatazwa kwake. Imo pia katika hadithi sahihi habari ya mtu asiyekuwa na kitu aliyetaka kuoa, Mtume akamwambia atafute chochote cha kutoa mahari, hata pete ya chuma.

Chuma, kwa kweli, kina ukoo wa zamani katika jambo hili. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba katika zama zake mchumba wa kike alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Karne nyingi baadaye, tarehe 18 Desemba 1935, majeshi ya Italia yakiwa yameivamia Ethiopia, wanawake wa Kiitaliano walitoa pete zao za dhahabu ili kugharamia vita, Malkia Elena akitangulia jijini Roma, nao wakapewa badala yake pete za chuma. Kwa Mwafrika hiyo ni kumbukumbu chungu, maana dhahabu ile ilikwenda kununua mabomu. Lakini wanawake wale walivaa chuma na hakuna aliyewahesabu kuwa wameachika.

Mwalimu na muuguzi walianza kwa paroko. Waliuliza mapema, miezi mingi kabla ya siku yenyewe, ili wasije wakafedheheshana mbele ya waumini. Paroko alijibu kwamba yeye hubariki pete, hapimi karati. Jibu hilo liliwafungulia njia, na ndilo jibu ambalo wachumba wengi wangelipata kama wangeuliza badala ya kudhani.

Baada ya hapo swali kubwa ni moja: mkono utakaoivaa pete unashinda ukifanya nini?

Mkono wa muuguzi wa upasuaji hunawa kutwa nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka pete, saa na bangili zivuliwe kabla ya kunawa kwa ajili ya upasuaji, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake. Pete ya mtu huyo basi itavuliwa na kuvaliwa kila zamu. Lazima ipite kwenye kifundo cha kidole bila kupigana nacho. Isiwe na makucha ya kushikia kito, kwa sababu makucha huchana glovu, na glovu iliyochanika haimlindi muuguzi wala mgonjwa. Dawa ya klorini inayosafishia sakafu na meza za hospitali nayo ina yake: huigeuza fedha kuwa nyeusi, na hula aloi za dhahabu, hasa zile za karati za chini ambazo zina shaba nyingi.

Mkono wa mwalimu wa mitambo una hatari nyingine. Anasimama mbele ya mashine ya kerezo, drili na grinda, na juu ya kila mashine pana onyo la kuvua pete. Sababu yake si nidhamu tu. Pete ikinaswa na kitu kinachozunguka, au ikinasa kwenye ngazi mtu anaporuka chini, chuma hakikatiki. Kinachochomoka ni ngozi, na mara nyingine nyama na mishipa pamoja nayo. Si lazima mtu awe karakanani. Mwezi Juni 2015 mtangazaji wa televisheni wa Marekani Jimmy Fallon alijikwaa nyumbani kwake, pete yake ya ndoa ikanasa mezani, na kidole chake kikaokolewa kwa upasuaji wa saa 6. Mafundi wa magari wanajua pia kisa cha betri: pete ya chuma ikigusa ncha moja ya betri huku spana iliyo mkononi ikigusa nyingine, hupata moto kwa kufumba na kufumbua na kuacha duara la kovu kidoleni.

Kwa watu wa kazi hizo pete ya silikoni ina maana. Ni rahisi, haipitishi umeme, na ikivutwa kwa nguvu hukatika yenyewe kabla ya kidole kudhurika. Kasoro yake ni kwamba hushika jasho chini yake, kwa hiyo huoshwa kila siku, na haipelekwi altareni kwa fahari. Mwalimu alinunua moja kwa ajili ya siku za kazi na hakuiita pete ya ndoa. Hiyo ni njia nzuri: pete moja ya kuapia na nyingine ya kuingilia karakana.

Sasa kito. Muuguzi alitaka kito cha Tanzania, na kama wengi alianza kwa tanzanite. Ni chaguo la moyo linaloeleweka. Jiwe hilo lilitambuliwa Mererani, wilayani Simanjiro, mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina la nchi mwaka 1968; hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa kibiashara. Mawe mengi ya aina hiyo hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, kisha hupashwa moto wa nyuzi zinazokaribia 600 za Selsiasi ndipo yanageuka buluu ya zambarau. Ukiligeuza mbele ya taa unaona rangi zikibadilishana nafasi.

Sonara waliyemwendea, mzee aliyeurithi ufundi kwa baba yake, hakumkatisha tamaa kwa maneno. Alifungua droo na kumtolea pete ya tanzanite iliyoletwa kurekebishwa. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10 kingo za kito zilikuwa zimelika, pembe zilizokatwa kwa ukali zimekuwa butu, na uso wa juu umefifia kwa mikwaruzo midogo isiyohesabika. Upande mmoja palikuwa na ufa ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. "Binti yangu," alisema, "jiwe hili ni la hereni na la kidani. Mkono wako unaosema ni wa kunawa na kubeba wagonjwa utalimaliza."

Sababu ya maneno yake iko katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachopanda kutoka 1 hadi 10. Almasi ni 10, yakuti na rubi 9, tanzanite kati ya 6 na 7. Namba ya kukumbuka ni 7, ambayo ndiyo ya kwazi, na kwazi ndiyo iliyomo kwenye mchanga na vumbi la kila njia. Kito kilicho chini ya 7 hukwaruzwa na vumbi tu, kila siku, kila kinapopanguswa kwa kitambaa. Zaidi ya hapo tanzanite ina mkondo wa ndani ambapo jiwe hupasuka kwa urahisi likigongwa, na haipendi kubadilishiwa joto ghafla. Haisafishwi kwa mvuke wala kwa mashine ya mtikisiko. Mtu mwenye kazi ya ofisini anaweza kuitunza kwenye pete kwa miaka mingi akiivua anapoingia jikoni. Muuguzi hawezi.

Walifikiria tsavoraiti, ganeti ya kijani ambayo Campbell Bridges aliikuta Tanzania mwaka 1967 na baadaye Taita Taveta nchini Kenya. Rangi yake haihitaji moto, na ugumu wake hufika 7 na kidogo. Walifikiria pia yakuti za bonde la Umba, mkoani Tanga, zenye rangi za machungwa na waridi. Hatimaye muuguzi alichagua spineli ya Mahenge, mkoani Morogoro, na uteuzi huo unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kito hiki bado hakijapewa heshima yake na watu wa nchi kinakotoka.

Spineli ina ugumu wa 8. Haina mkondo wa kupasukia kama wa tanzanite, na kwa kawaida hukatwa na kuuzwa bila kupashwa moto. Ya Mahenge ina wekundu wa waridi unaowaka hata kwenye mwanga hafifu. Mwaka 2007 zilipochimbwa fuwele kubwa huko Ipanko, wafanyabiashara wa vito wa dunia nzima waliigeukia Mahenge. Kwa karne nyingi jiwe hili lilichanganywa na rubi. Jiwe jekundu lililo mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, liitwalo Rubi ya Black Prince, ni spineli. Kuna kifaa kidogo cha kuchungulia kinachowatenganisha ndugu hawa: rubi huonyesha vivuli viwili vya rangi kandokando, spineli huonyesha kimoja.

Hatari ya kununua spineli ni kwamba ya kutengenezwa kiwandani imejaa sokoni na inauzwa kwa bei ya njugu. Pete nyingi za bei nafuu zenye mawe ya rangi zimepachikwa hiyo. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuapa. Kwa hiyo kito hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, kwa risiti, ama kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na hupelekwa kwa mtaalamu wa vito kukaguliwa kabla pesa haijatoka mfukoni. Arusha ina bahati ya kuwa na wakaguzi na wakataji, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo mjini humo kinawafundisha vijana ukataji. Dalali anayekataa kito kikaguliwe ameshajibu swali.

Muuguzi hakuhitaji jiwe kubwa. Alichukua la mviringo lenye kipenyo cha milimita 3, na sonara akalizamisha ndani ya pete mpaka uso wake ukawa sawa na dhahabu inayolizunguka. Kazi hiyo ilitazamwa mwanzo hadi mwisho. Sonara alitoboa tundu dogo kuliko kito, akalipanua kwa ncha ya kukata mpaka kito kikakaa kwa kubanwa, akakizamisha kwa kukisukuma na kipande cha mti, kisha kwa kifaa cha chuma kilichong'arishwa akaisugua dhahabu ya ukingoni kuelekea ndani, polepole, huku akizungusha. Ukingo mwembamba kama uzi ulikilalia kito na kukifunga. Kidole kikipitishwa juu hakihisi kitu. Muuguzi alitaka upande wa nyuma uzibwe ili sabuni isiingie. Sonara alikataa, naye alikuwa na haki: sabuni itaingia tu, na tundu lililo wazi nyuma ndilo linaloiruhusu itoke inaposafishwa kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini.

Dhahabu yenyewe iliteuliwa karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika 1,000, namba ambayo hugongwa ndani ya pete. Karati 9 ni sehemu 375 tu; ni ngumu zaidi na rahisi zaidi, lakini ndiyo inayoshambuliwa upesi na klorini. Fedha iliyogongwa 925 ni nzuri na bei yake ni ya huruma, ila kwa mkono wa hospitali ingekuwa inasuguliwa kila wiki.

Pete ya mwalimu ilitoka karakanani. Masonara wengi hawashughuliki na stenlesi, chuma kisichoshika kutu, maana haiyeyuki kwa moto wao wala haiungiki kwa lihamu yao. Ni kazi ya mtu wa kerezo. Mwalimu alichukua kipande cha ekseli ya stenlesi ya daraja linaloitwa 316L, ambalo hustahimili jasho na maji ya chumvi, akakibana kwenye mashine, akakitoboa kwa drili, kisha akapanua tundu kwa kisu cha ndani kidogo kidogo hadi milimita 20. Upande wa ndani alikata kwa mbinuko mdogo, katikati pameinuka na kingo zimeshuka, kwa sababu pete iliyonyooka ndani hunata kwenye ngozi na kukataa kutoka. Upana milimita 6, unene milimita 2. Baada ya kuitenga na ekseli aliisugua kwa msasa wa namba 400, akapanda 800, akamalizia 1,200, na hakuing'arisha kama kioo. Mng'ao wa kijivu huficha mikwaruzo. Ule wa kioo huionyesha yote.

Stenlesi ina nikeli ndani yake, na wapo watu ambao ngozi yao huwashwa nayo. Hao huelekezwa kwenye titani, ambayo ni nyepesi na haisumbui ngozi. Tangsteni haikufikiriwa sana. Ni ngumu kiasi kwamba haikwaruziki kwa urahisi, lakini ikianguka kwenye saruji inaweza kuvunjika vipande, na haiwezi kupanuliwa hata kidogo.

Kazi ngumu kuliko kerezo ni kuzungumza na wazazi, nayo haifai kuachwa mpaka wiki ya harusi. Habari ya pete ya chuma ilipofika kwa mama wa bibi harusi kupitia mshenga, neno lililorudi lilikuwa zito: watu watasema binti ameolewa na mtu asiyejiweza. Shangazi wa mwalimu naye aliuliza michango ya kamati inakwenda wapi ikiwa pete inachongwa kwenye ekseli. Vijana wengi hulipokea swali la namna hii kama ushamba na kulijibu kwa ukali. Si ushamba hata kidogo. Katika familia nyingi, bara na pwani, dhahabu ni akiba ya mwanamke, kitu anachoweza kukiuza au kukiweka rehani bila kuomba ruhusa ya mtu. "Dhahabu humsitiri mwanamke siku ya shida," mama alisema walipokaa naye. Alikuwa anazungumzia usalama wa mwanawe, na hakuna hoja ya mapambo inayoweza kulijibu jambo hilo.

Lilijibiwa kwa kulitenganisha. Akiba ikapewa nafasi yake: hereni na kidani cha dhahabu, mali ya bibi harusi peke yake, vilinunuliwa na kukabidhiwa mbele ya wazee, karibu na desturi ya pwani ambako bwana harusi humpa mkewe kipa mkono. Pete ikabaki kuwa alama ya agano tu, na kuanzia hapo uzito wake kwenye mizani haukumsumbua mtu. Mwalimu alikwenda pia na pete ya chuma mfukoni. Wazee waliishika, wakaipima viganjani, baba mkwe akaijaribu kwenye kidole chake na kuuliza ilikatwaje. Kitu kinachoelezwa kwa maneno huonekana dharau. Kikishikwa mkononi kinaonekana kazi. Mama mkwe aliomba jambo moja, kwamba pete ya mwanawe ibaki ya dhahabu, na hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Paliposomwa bajeti kwenye kikao cha kamati, fungu la pete lilipita bila mjadala.

Kipimo cha kidole huchukuliwa kwa vipimo vya sonara, si kwa uzi, na zaidi ya mara moja. Kidole hunenepa jioni na wakati wa joto, hupungua kwenye baridi ya Arusha ya mwezi Julai. Pete pana huhitaji nafasi zaidi kidogo kuliko nyembamba. Mimba hubadilisha hesabu yote: katika miezi ya mwisho muuguzi alivaa pete yake shingoni kwa mkufu, na hilo halikumshangaza mtu kwa sababu zamu za kazini zilishawazoesha wote kuiona hapo. Pete yake inaweza kupanuliwa kwa kukatwa upande ulio mkabala na kito. Ya stenlesi haipanuliwi. Huchongwa nyingine, na mwenye mashine hapungukiwi na kitu.

Matunzo ni machache. Kito hukaguliwa kwa lenzi walau mara moja kwa mwaka, na hata nyumbani mtu anaweza kuigonga pete taratibu karibu na sikio. Kito kilicholegea hutoa mlio mdogo wa kucheza. Kidole kikivimba baada ya ajali, pete huvuliwa mara moja kabla uvimbe haujapanda, kwa sabuni au kwa kukizungushia kidole uzi. Ikishindikana, wahudumu wa hospitali huambiwa ni ya madini gani. Dhahabu na fedha hukatwa kwa msumeno mdogo wa mkono. Stenlesi na titani hudai diski ngumu inayozungushwa na mota, huku pete ikipozwa kwa maji isimwunguze mwenye kidole. Tangsteni haikatwi, hubanwa kwa plaizi ya kufunga na kukazwa kidogo kidogo mpaka ipasuke.